Darasa la Mbalamwezi: shajara ya mradi wetu wa elimu, Kibirizi, Kigoma

Mfunguo Sita (Rabiul Awwal) 1446, mwezi 4 (yaani siku ya nne tangu mwezi kuandama)

Jana baada ya Isha kamati ya msikiti ilikubali kuanzishwa darasa la watu wazima hapa Kibirizi, na daftari la mradi nimekabidhiwa mimi. Nitaandika kila panapokuwa na jambo la kuandika.

Wazo lilizaliwa ziwa lilipofungwa, kati ya Mei na Agosti mwaka huu wa 2024. Tanganyika ni ziwa la nchi nne, na uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Vijana ambao siku zote tunawaona Ijumaa tu, tena mbiombio, wakawa wanahudhuria swala zote tano za jamaa msikitini. Baada ya Alasiri wanabaki barazani wanauliza. Maswali yao ni ya watu wa kazi: Alfajiri ikinikuta mtumbwini nasali vipi? Tajiri mwenye mtumbwi akinikata kwenye mgawo bila kunieleza, sheria inasemaje? Pesa anayotanguliza mchuuzi ni halali? Ustadhi alijibu aliyokuwa nayo, mengine akaahidi kwenda kuyafungulia vitabu. Agosti ziwa likafunguliwa, baraza likawa tupu.

Madrasa hapa mjini hazipungui. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na dini ilifika huku kwa njia hiyohiyo; watoto wamesomeshwa Kurani hapa tangu enzi hizo, na mpaka leo ukipita Kasingirima au Rusimbi jioni utawasikia. Shida yangu ni umri wanaotolewa. Mtoto anahitimu juzuu zake, anasomewa dua, kisha anashika kasia au anaingia sokoni. Elimu yake ya dini inakomea hapo, karibu sana na umri wa kubaleghe. Maana yake anaacha kusoma siku zilezile faradhi zinapoanza kuandikwa juu yake. Hajafunga ndoa bado, hajakopa, hajauza, hajaajiri mtu, hajarithi. Yote hayo yatamkuta akiwa na elimu ya mtoto.

Bwana Mtume (S.A.W.) amesema kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Hadithi hiyo ameipokea Ibn Majah. Sanadi zake, yaani mlolongo wa waliopokezana, zimesemwa udhaifu, na wako wanazuoni walioona kuwa wingi wa njia zake unaipa nguvu. Maana yake wamekubaliana: kila mtu lazima ajue hukumu ya jambo analolifanya kabla hajalifanya. Anayesali ajue swala, mwenye mali ajue zaka, mfanyabiashara ajue biashara. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akisema asiuze katika soko letu ila aliyeifahamu dini, na riwaya hiyo imo kwa Tirmidhi. Sasa kama ni faradhi kwa mvuvi, basi sisi tulio na funguo za msikiti tuna wajibu wa kuifikisha saa ambayo mvuvi yupo nchi kavu.

Desturi ya darasa ni kati ya Magharibi na Isha. Saa hiyo mitumbwi ya dagaa imeshaondoka. Tulishuka mwaloni, ufukweni mitumbwi inapofikia, kuwauliza wenyewe, na jibu lilikuwa moja kwa kila mtu: mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Zamani karabai, sasa taa za sola na betri. Taa inawavuta juu. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haiwavuti tena, na watu wanavuta mitumbwi, wanashona nyavu, wanalala nyumbani. Kwa hiyo darasa litakaa kuanzia mwezi 12 mpaka 17 wa kila mwezi wa Kiislamu, baada ya Isha. Ratiba imo kwenye kalenda ya Hijiria yenyewe, hatuna haja ya kutangaza.

Mfunguo Sita, mwezi 14

Tumefungua. Maulidi yalikuwa juzi, watu bado wana moto wa kheri, na baraza limejaa mpaka kwenye ngazi.

Ustadhi hakuanza na masharti ya udhu kama tulivyotarajia. Alifungua Sura ya Kahfi, aya ya 60. Nabii Musa (A.S.), mtume aliyesema na Mola wake, aliulizwa na watu wake nani mjuzi kuliko wote, akasema mimi. Bukhari ameipokea: Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kutourudisha ujuzi Kwake, akamwambia yuko mja Wangu penye makutano ya bahari mbili ana elimu usiyokuwa nayo. Musa akafunga safari. Akachukua samaki kapuni, na pale samaki atakapopotea ndipo mahali penyewe.

Kufika hapo baraza lote lilikuwa kimya. Samaki, bahari, safari ya miguu mpaka kuchoka na kuomba chakula cha mchana. Kisha jahazi. "Ama ile jahazi ilikuwa ya maskini wafanyao kazi baharini." Nahodha mmoja aliyekaa karibu na nguzo aliomba aya isomwe tena, ikasomwa. Akauliza, "Ustadhi, hao maskini walikuwa ndugu? Chombo kilikuwa cha shirika?" Ustadhi akasema wafasiri wametaja hivyo, na wamejadili hata kwa nini mtu mwenye chombo ameitwa maskini; katika madhehebu ya Imamu Shafi, aya hii ni hoja kuwa mtu anaweza kumiliki chombo cha kazi na bado akahesabiwa maskini anayestahiki zaka. Minong'ono ilikuwa mikubwa. Nadhani wengi walikuwa hawajawahi kusikia habari za kazi yao zikisomwa ndani ya Kitabu.

Iliyonishika mimi ni aya ya 66. Musa anamwambia Khidhri, yule mja aliyemfungia safari: nikufuate ili unifundishe katika uongofu uliofundishwa? Nabii anaomba ruhusa ya kuwa mwanafunzi, na anaiomba kwa adabu.

Mfunguo Saba, mwezi 5

Kazi ya rafu. Seremala amemaliza: ubao wa mninga, milango ya kioo, miguu imeinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa. Vitabu vimefika kwa treni kutoka Dar es Salaam: tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, nakala za Safina (kitabu kifupi cha fiqhi, yaani hukumu za dini), vitabu vya hadithi vyenye tafsiri, kamusi ya Kiswahili, na vitabu vya hesabu vya shule ya msingi ambavyo mimi ndiye niliyeving'ang'ania.

Ndani ya kila kitabu tumeandika "Waqfu". Mzee mmoja wa kamati alitaka wasomaji waviazime kwenda navyo nyumbani, mwingine akaogopa mikono yenye mawese. Ustadhi akaturudisha kwenye asili yake: Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume alimwelekeza azuie shina na atoe sadaka mazao yake, kwa sharti lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe. Tulichozuia ni kitabu. Mazao yake ni kusomwa. Kikikaa kabatini kisiguswe, hapo hakuna mazao. Tumekubaliana viazimwe kwa daftari, kila kimoja kimefungwa nailoni.

Mjadala mrefu zaidi ulikuwa wa maandishi ya juu ya rafu. Karibu kila mtu alitaka "Tafuteni elimu hata China". Tumekua nayo, imo midomoni mwa wageni rasmi na kwenye kuta za shule. Ustadhi akasema kwa upole kwamba hataiandika kwa jina la Mtume: Bayhaqi amesema maneno yake ni mashuhuri lakini sanadi zake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi ameiingiza kabisa katika hadithi za kuzuliwa. Mzee wa kamati alikereka. "Sasa tukiambiwa hata hii siyo, tutabaki na nini?" Ustadhi akamfungulia kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim, hadithi ya Abu Huraira: mwenye kushika njia akitafuta humo elimu, Mwenyezi Mungu humsahilishia kwayo njia ya kwenda Peponi. Mzee akaisoma mwenyewe, akairudia, akasema iandikwe hiyo.

Naliona jambo hili kubwa. Rafu ya elimu isingefaa kuwekewa juu yake neno ambalo wenye elimu hawakulithibitisha, hata liwe tamu kiasi gani. Umma huu ulikuwa na mtu kama Jabir bin Abdillah, aliyenunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham (nchi ya Syria na jirani zake) kwa ajili ya hadithi moja, aisikie kwa Abdullah bin Unays aliyeisikia kwa Mtume. Na sisi tunaweza kufungua kitabu.

Mfunguo Saba, mwezi 15

Somo: swala mtumbwini. Imepokewa kwamba Mtume aliulizwa kuhusu kusali ndani ya jahazi, akasema sali kwa kusimama ila ukihofia kuzama. Kwa hiyo kusimama ndiyo asili. Chombo kikiyumba mpaka mtu akahofia, anakaa. Vijana wengi walikuwa wakiiacha Alfajiri mpaka wafike mwaloni jua limeshachomoza, wakidhani mtumbwini hakuna swala. Sasa wamejua.

Kisha likaja la kibla. Kutoka Kigoma, Makka iko kaskazini, imeelemea mashariki kidogo. Ustadhi alilieleza hilo kwa ramani. Nahodha yule wa nguzoni akasema ramani haiko mtumbwini, akaanza kueleza yeye: pwani yetu inakwenda kaskazini na kusini, kwa hiyo ukiwa ndani ya ziwa ukitazamana na taa za mji, uso wako uko mashariki, geuka kushoto mpaka mji ukukae kwenye bega la kulia, hapo umeikaribia kibla. Pasipoonekana taa, akataja nyota anazozitumia, moja baada ya nyingine, na saa zinapochomoza. Ustadhi aliandika yote. Alipomaliza akasoma Sura ya An'am aya ya 97, kwamba Yeye ndiye aliyewawekeeni nyota ili mwongoke kwazo katika giza la bara na bahari.

Mfunguo Nane, mwezi 3

Akina mama wametuma ujumbe. Wao ndio wanaonunua dagaa wabichi alfajiri, wanaanika, wanageuza, wanafunga magunia. Mwezi mkubwa kwao hauna maana, kwa sababu kipindi hicho ndicho wanachomaliza kuuza wakavu. Walikuwa wakisikiliza kutoka nyuma ya ukuta na hawasikii vizuri.

Mmoja wao, mtu mzima anayeheshimika mwaloni, alisema nasi moja kwa moja: "Wanangu, wanawake wa Madina walimwambia Mtume wanaume wametushinda kwako, tuwekee siku yetu. Akawawekea. Nyinyi mnangoja nini?" Hadithi hiyo ni ya Abu Said al-Khudri, imo Bukhari. Na Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Imepita bila mjadala. Siku yao ni Jumapili baada ya Alasiri. Wametaka mambo mawili: fiqhi ya wanawake kwa mwalimu mwanamke, na kujifunza kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwalimu wa shule ya msingi, binti wa hapahapa, amekubali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kati ya masahaba alikuwepo Bi Shifa bint Abdillah aliyemfundisha Bi Hafsa, mkewe Mtume, kuandika, na Mtume akalijua hilo na kuliridhia. Nimemwambia mwalimu wetu habari yake. Alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo.

Mfunguo Nane, mwezi 14

Usiku mrefu kuliko yote. Somo: pesa ya kutanguliza.

Kila mtu hapa analijua. Mbalamwezi ikiingia, kipato kinakatika. Mchuuzi anampa tajiri au nahodha pesa ya kuvuka kipindi, na giza likirudi dagaa wanakuwa wake. Ustadhi aliomba watu wenyewe waeleze mapatano yanavyokuwa, na yeye akakaa kimya muda mrefu. Zilijitokeza namna tatu.

Ya kwanza: "Shika hii, mzigo wote wa usiku wa kwanza ni wangu, uwe mwingi uwe haba." Hapo Ustadhi alisema wazi: haifai. Mtume amekataza biashara ya gharari, yaani ya kisichojulikana, na mfano wanaoutoa wanazuoni vitabu vyote ni samaki aliye majini. Watu wakacheka kwa kuwa mfano ulikuwa ni wao.

Ya pili: "Nakukopesha, utanirudishia yote, lakini mpaka umalize deni utaniuzia mimi peke yangu kwa bei ya chini ya soko." Hii ndiyo iliyozoeleka, na ndiyo iliyowasha moto. Mchuuzi mmoja alisimama: "Ustadhi, mimi nimemsaidia mtu hana chakula. Riba iko wapi? Sikumwongezea hata shilingi." Ustadhi hakumkatiza. Akamwuliza tofauti ya bei yako na ya soko kwa kila beseni ni kiasi gani. Akaitaja. Ni mabeseni mangapi mpaka deni liishe? Akataja. Ustadhi akamwambia azidishe mwenyewe. Kijana aliyesoma akazidisha ubaoni, na jumla iliyotoka ilikuwa karibu na nusu ya mkopo wenyewe. Mafakihi wana kanuni: kila mkopo ulioshurutishiwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Mchuuzi alikaa. Dhamira yake sina shaka nayo. Hesabu ilikuwa haijawahi kuwekwa mbele yake.

Ya tatu ndiyo njia ya kutokea. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miwili kabla. Hakuwafungia mlango, aliuwekea masharti: anayetanguliza malipo na atangulize kwa kipimo kinachojulikana, na uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Ni biashara ya salam, na hadithi yake kutoka kwa Ibn Abbas imo Bukhari na Muslim. Bei yote ilipwe palepale kikaoni, sifa za bidhaa zitajwe, tarehe iwekwe, na dagaa wawe juu ya dhima ya muuzaji, kutoka popote atakapowapata. Wasifungwe na mtumbwi fulani, kwa sababu mtumbwi huo unaweza kurudi mtupu.

Hapo ndipo likazuka la beseni. "Kipimo kinachojulikana," akasema kijana mmoja, "beseni la nani?" Akakimbia nje, akarudi na mawili, la bluu na la kijani, yanayouzwa sokoni kwa jina moja. Tukayajaza maji kwa jagi mbele ya watu wote. La kijani lilimeza jagi mbili zaidi. Kelele iliyopigwa ilifika barabarani.

Wamekubaliana wenyewe kwamba mapatano ya kutanguliza yatakuwa ya dagaa wakavu, kwa kilo, kwa mizani. Nimeandika maneno ya mkataba wa mfano na kuyabandika ubaoni.

Mfunguo Tisa, mwezi 13

Mvua. Bati linavuja upande wa rafu, tumeivuta mpaka katikati. Waliokuja ni wachache, tumerudia somo la salam.

Jambo moja nisilipite. Wasichana wa sekondari wameanza kuja kusomea kwenye taa yetu jioni, wana vitabu vya baiolojia. Mtu mmoja alilalamika kwamba taa ni ya waqfu wa dini. Ustadhi akamsomea Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijiria: utabibu na hesabu amezihesabu katika faradhi za kutosheleza, ambazo mji mzima ukizikosa wote wanapata dhambi, na amewalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana kwenye mabishano ya fiqhi huku mji hauna tabibu Mwislamu. Wasichana wamebaki. Mmoja anataka uuguzi.

Rajabu 1446, mwezi 16

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya 282 ya Baqara, na inahusu kuandika deni. Tumeisoma kwa akina mama na kwa wanaume pia. "Mnapokopeshana deni kwa muda uliowekwa, liandikeni." Wala msichoke kuliandika, likiwa dogo au kubwa.

Yule mama mtu mzima aliyetudai siku yao anasoma Kurani kwa ufasaha kuliko wengi wetu, lakini shule hakuiona. Alipopewa daftari alianza kuandika kutoka kulia, ukingo wa ukurasa, mkono ukifuata njia unayoijua. Mwalimu alitaka kumgeuza, Ustadhi akasema muache kwanza, babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Akaliandika deni lake lote hivyo: jina, dagaa sado tatu, shilingi ngapi, mwisho lini. Tatizo likawa mdaiwa hawezi kuzisoma herufi hizo, na aya imemtaka mdaiwa ndiye aimlishe, yaani ataje maneno yanayoandikwa. Kwa hiyo sasa anaandika mara mbili, ukurasa wa kulia kwa Kiarabu, wa kushoto kwa herufi za shule. Jumapili iliyopita mdaiwa alikuja na mashahidi wawili, akasomewa, akakubali, akatia sahihi. Mama alikaa na daftari mapajani mpaka Magharibi ikaadhiniwa, akipitisha kidole kwenye tarakimu alizoziandika mwenyewe.

Mwaloni, mizani imeanza kuonekana kwenye mapatano ya kutanguliza, ingawa wenye mkopo wa zamani bado wanaubeba. Ustadhi amewaita wakopeshaji mmoja mmoja, faragha. Wawili wamesamehe sharti la bei na watachukua rasilimali yao tu. Wengine wameomba muda.

Shaabani 1446, mwezi 6

Mipango kabla ya Ramadhani.

Bati limezibwa. Nakala za Safina hazitoshi. Kila anayeazima anachelewesha, na sababu ni kwamba nyumbani wanaisoma wengi. Tumeagiza nyingine. Maelezo ya nahodha kuhusu nyota yanapigwa chapa, karatasi moja, ili kila mtumbwi uwe nayo.

Usiku wa mwezi 14 wengi watakuwa kwenye Nisfu Shaabani, basi darasa litaanza mwezi 12 na kurukia mwezi 15. Somo ni zaka ya biashara: nisabu (kiwango cha mali kinachowajibisha zaka) kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, mwaka kutimia, asilimia 2.5, na kama nyavu na injini vinahesabiwa (havihesabiwi, ni vyombo vya kazi, kinachohesabiwa ni mzigo wa kuuza na pesa iliyopo). Akina mama watasoma somo hilohilo Jumapili yao. Waje na madaftari ya mauzo, tutakokotoa ya kila mmoja palepale.